Redio ya taifa, lakini taifa lipi?

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei za sokoni. Kiha ndicho alichozaliwa nacho na ndicho alichozeeka nacho, huko kwetu Kibondo. Lakini taarifa ya habari haikumpita. Jioni redio ilipofunguliwa babu alianza na Dar es Salaam, na akishamaliza tu bibi alidai zamu yake: Bujumbura.

Babu alikuwa mtu wa Chama. Kadi yake ya TANU aliitunza kwenye mkebe wa biskuti kama mtu anayetunza hati ya shamba. Kwa hiyo alikuwa ananung'unika: "Hiyo ni redio ya watu." Na bibi alikuwa na jibu moja tu, kwa Kiha, ambalo kwa Kiswahili ni kama hivi: na hiyo yako je, ni ya nani?

Tangu niingie kwenye kazi hii ya uandishi wa habari nimekaa kwenye semina sijui ngapi, za chai na sambusa, watu wakibishana kuhusu tofauti ya "redio ya umma" na "redio ya serikali". Kila mara swali la bibi linanirudia. Leo nataka nilijibu, au angalau nieleze kwa nini ni swali gumu kuliko semina zote nilizohudhuria.

Kwa msomaji aliyekulia Sinza au Mikocheni, tuanze na ramani. Kibondo na Kasulu ziko nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko. Mpaka wa Burundi kwa baadhi ya vijiji ni mwendo wa baiskeli. Kiha na Kirundi ni lugha za tumbo moja, Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Na ule mpaka wenyewe si mzee kihivyo. Wakati wa Mjerumani sote tulikuwa koloni moja. Wabelgiji wakaja na vita mwaka 1916, wakakaa Buha mpaka mwaka 1921, ndipo wakamkabidhi Mwingereza upande wetu na kubaki na Ruanda-Urundi. Kama mazungumzo yale ya wazungu yangekwenda vingine, pengine mimi leo ningekuwa nakuandikia Kifaransa.

Mwingereza naye hakuwa na haja na mahindi ya Kibondo. Alichotaka ni mikono. Kigoma ikafanywa mkoa wa kuvuna vibarua, vijana wa Kiha wakipandishwa treni kwenda kukata mkonge Tanga. Manamba. Babu alikuwa mmoja wao katika miaka ya 1950, na huko kambini ndiko alikojifunza Kiswahili na ndiko alikosikia redio kwa mara ya kwanza. Bibi alibaki nyumbani na jembe na watoto. Unaona sasa? Ile zamu ya jioni kwenye redio yetu haikuwa suala la mapenzi tu. Mwanamume alitumwa mbali akarudi na lugha ya taifa, mwanamke akabaki na lugha ya mlimani. Redio ikaja kuwakuta hivyo hivyo.

Na redio yenyewe ilianzaje? Ilianza mwaka 1951 pale Dar es Salaam, kama kituo kidogo cha majaribio cha serikali ya kikoloni, mtambo wake ukifika mjini na viunga vyake. Ikakua taratibu. Mwaka 1956 ikafanywa shirika kwa mujibu wa sheria, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa mfano wa BBC: chombo chenye bodi yake, kisichokuwa idara ya serikali. Angalau kwenye karatasi. Sijui kama umewahi kuligundua hili, lakini shirika letu la leo lina herufi zilezile tatu, TBC, isipokuwa T ya Tanganyika imekuwa T ya Tanzania. Kati ya TBC ile na TBC hii kuna miaka zaidi ya arobaini ya kitu kingine kabisa, na hicho ndicho wazazi wetu wanachokiita "redio".

Januari 1964 ilikuwa shule kwa viongozi wote wa eneo hili. Tarehe 12 yalitokea mapinduzi Zanzibar, na dunia ikaisikia sauti ya John Okello kupitia redio ya Unguja ikitoa amri na vitisho ambavyo hata leo vinatia baridi. Siku nane baadaye, tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi kambini Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alitoweka machoni pa watu. Kesho yake ndipo alipozungumza redioni, na kwa wananchi wengi ile sauti ndiyo ilikuwa uthibitisho kwamba bado kuna serikali. Ukiwa kiongozi umepita katika mwezi kama huo, utaiachia redio ijiendeshe yenyewe?

Mwaka 1965 shirika likafutwa. Ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, idara ya wizara, watangazaji wake watumishi wa serikali kama bwana shamba na karani wa wilaya. Naielewa hoja ya wakubwa wa wakati ule. Nchi changa, maadui kweli wapo, wakoloni wa Kireno wako ng'ambo ya Ruvuma. Lakini kuielewa hoja si kuikubali yote. Siku ile redio ilipobadilishwa, kitu kimoja kilifungwa ambacho hakikufunguliwa tena kwa miaka mingi: uwezekano wa mtangazaji kusema "serikali imekosea" halafu kesho akaja kazini.

Uamuzi wa pili, ambao hauzungumzwi sana, ulikuwa wa lugha. Kenya walikuwa na idhaa za taifa za Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na nyinginezo. Radio Uganda ikatangaza kwa lugha nyingi za wananchi wake. Sisi tukasema Kiswahili, na Kiingereza kidogo kwa wanaokihitaji, basi. Kisukuma hakuna. Kihaya hakuna. Kiha ndiyo kabisaaa. Kanuni za leseni za utangazaji nazo zikaendelea na msimamo huohuo hata redio binafsi zilipoanza, baada ya sheria ya mwaka 1993.

Mimi ni mtoto wa uamuzi huo. Nimesoma kwa Kiswahili, nimependa kwa Kiswahili, nakuandikia kwa Kiswahili. Nikitazama majirani zetu na yaliyowapata, sitaki kabisa kuwa mtu wa kubeza Kiswahili cha RTD. Babu alijiona Mtanzania kabla hajawahi kuiona Ikulu hata kwenye picha, na kazi hiyo ilifanywa na redio kuliko shule. Lakini gharama ilikuwepo, na aliyeilipa ni bibi. Taifa lake halikusema naye. La jirani likasema naye kila siku.

Sasa tuwe waadilifu, maana vijana wa siku hizi tunapenda kuicheka RTD kwa zile nyimbo za kusifu na ile ngoma ya taarifa ya habari. Kuna mambo ilifanya ambayo sijaona redio ya muziki na promosheni ikiyafanya.

Chukua matangazo ya vifo. Kwako wewe ni kitu cha kuchosha. Kwa mkoa uliosambaza wanaume wake kwenye mashamba ya mkonge, migodi na reli ya nchi nzima, lile lilikuwa posta, simu na mjumbe kwa pamoja. Babu alipata habari za kifo cha baba yake akiwa Tanga, kutoka kwenye redio ya mnyapara, pamoja na jina la kijiji na orodha ya ndugu wanaoarifiwa. Alifika matanga yameisha, lakini alifika. Nadhani hiyo ndiyo maana halisi ya redio ya umma: mtu asiye na cheo wala fedha, jina lake linasomwa nchi nzima kwa sababu amekufa na watoto wake wako mbali.

Halafu chukua Mtu ni Afya, ya mwaka 1973. Ilikuwa kampeni ya elimu kwa redio, na inatajwa duniani mpaka leo katika vitabu vya elimu ya watu wazima. Walifunzwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, vitabu vikachapishwa, na watu karibu milioni 2 wakakaa chini ya miembe na kwenye madarasa wakisikiliza kipindi cha wiki kisha kujadiliana: malaria, kuhara, kichocho, maji ya kunywa, choo. Halafu wanainuka kwenda kuchimba vyoo. Babu alikuwa kiongozi wa kikundi. Betri za National, zile zilizotengenezwa Dar es Salaam, zikiisha nguvu wakazianika juani juu ya bati zipate uhai wa nusu saa ya kipindi. Waliosema redio ni chombo cha kupokea tu hawakuwahi kukiona kikundi cha namna ile.

Ila angalia mwaka wenyewe. 1973. Mwaka mmoja kabla, Operesheni Kigoma ilikuwa imeanza kuwahamisha watu wa mkoa wetu kutoka kwenye migomba yao, nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya bonde kama Waha walivyozoea kuishi, na kuwapanga kwenye vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Bibi alihama akiwa na mtoto mgongoni. Migomba haihamishwi, msomaji. Unaiacha na kuanza upya, na mgomba haukungojei ukue kwa sababu Chama kimesema. Miaka ya njaa iliyofuata nchini anaikumbuka kila aliyekuwepo.

Na redio? Redio ilisema wananchi wamehama kwa shangwe. Tena ilikuwa redio ileile iliyowafundisha kuchimba vyoo. Mazungumzo Baada ya Habari, kile kipindi cha sauti nzito kilichokuwa kinakufuata baada ya taarifa kukueleza namna ya kuielewa taarifa uliyotoka kuisikia, hakikuwa na nafasi ya mwanamke wa Kibondo anayeulizia migomba yake. Hapo ndipo ninapokwama kila mtu anaponiambia nichague: RTD ilikuwa nzuri au mbaya? Iliokoa watoto wa bibi na kuhara, na ikamwongopea babu kuhusu mkewe mwenyewe. Vyote viwili, mwaka mmoja, mtambo mmoja.

Labda unadhani sasa nitakuambia Bujumbura ya bibi ilikuwa bora. Thubutu!

Redio ya taifa ya Burundi ilikuwa mkononi mwa Micombero baada ya ufalme kufutwa mwaka 1966, ikawa ya Bagaza alipopindua mwaka 1976, ikawa ya Buyoya alipopindua mwaka 1987. Kila aliyeshika bunduki alishika maikrofoni asubuhi yake. Mwaka 1972, Wahutu kwa makumi ya maelfu, na wengine wanasema laki mbili na zaidi, walipouawa na jeshi la nchi yao, bibi hakuyapata hayo redioni. Aliyapata kwa watu waliovuka mpaka usiku bila viatu. Lugha ilikuwa yake lakini ukweli haukuwa wake. Hilo nalo ni funzo: kusemeshwa kwa lugha ya mama yako si sawa na kuambiwa ukweli. Unaweza kudanganywa vizuri sana kwa lugha ya mama.

Tarehe 21 Oktoba 1993 mimi nilikuwa sijazaliwa, nasimulia nilivyosimuliwa na baba. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa na Warundi kwa kura ya ushindani, Mhutu, alikuwa na miezi mitatu na siku chache madarakani. Askari wakamuua. Waliiteka redio na kukata simu. Bibi akazungusha kitufe jioni na kukuta Bujumbura haipo. Akazungusha tena. Baba anasema hakuwahi kumwona mama yake akiogopa redio kabla ya siku ile. Habari zikaja kutoka Kigali, kwenye Radio Rwanda, ambako waziri mmoja wa serikali ya Ndadaye aliyekuwa huko alizungumza na kuwataka Warundi wasikubali mapinduzi. Burundi ikaanza kuwaka, Watutsi wakiuawa vijijini na jeshi likiwaua Wahutu. Karibu watu laki saba wakakimbilia nchi jirani. Siku chache tu na wilaya zetu zilijaa watu. Baadaye majina ya porini yakawa majina ya dunia: Mtendeli, Nduta, Kanembwa upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, kisha Nyarugusu ya Wakongo.

Kuhusu Rwanda sitasema mengi, unayajua. Ila jambo moja watu husahau. Tukizungumzia redio na mauaji ya kimbari sote tunakimbilia RTLM, ile redio binafsi iliyoanza mwaka 1993. Lakini Machi 1992, kabla RTLM haijazaliwa, Radio Rwanda, redio ya umma, ilisoma tangazo la uongo kwamba Watutsi wamepanga kuua viongozi wa Kihutu. Watutsi wakauawa Bugesera. Mkuu wa idara ya habari ya serikali iliyomiliki redio hiyo, Ferdinand Nahimana, aliondolewa kwenye nafasi yake, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Alihukumiwa hapahapa kwetu, Arusha, Desemba 2003, kifungo cha maisha, kikapunguzwa kuwa miaka 30 kwenye rufaa ya mwaka 2007. Kwa hiyo somo halikuwa "redio binafsi ni hatari". Redio ya umma ndiyo iliyotangulia kupita njia hiyo.

Mwaka 1995 kikatokea kitu cha ajabu kidogo. Kaskazini yetu, Ngara, ambako Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa saa 24 tu, Wajesuiti wa shirika la kuhudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera. Jina lina maana ya kutumaini. Ilitangaza kwa Kirundi na Kinyarwanda pamoja na Kiswahili: nani anamtafuta mtoto wake, kambi gani ina kipindupindu, chakula kinagawiwa lini, hali ya barabara ya kurudi nyumbani ikoje. Bibi aliipata. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, sauti inayotoka ndani ya mipaka ya Tanzania ilizungumza naye akaelewa neno kwa neno. Ilibidi waje wakimbizi. Nikikuambia kwamba hilo linaniuma, naomba usinicheke.

Linaniuma kwa sababu lina upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1997 serikali ilifanya msako wa kuwakusanya wakimbizi walioishi nje ya kambi. Wakakusanywa hata Warundi waliokaa vijijini kwetu miaka mingi, wenye wake na watoto Watanzania. Tangu hapo, na hata kabla, Muha amekuwa mtu wa kuthibitisha. Malalamiko ya watu wa Kigoma kuhojiwa uraia wao yamefikishwa bungeni na wabunge wao mara nyingi. Mimi mwenyewe, kwenye basi moja huko njiani, niliwahi kuambiwa nitaje majina ya babu zangu watatu na jamaa ambaye Kiswahili chake, nisimseme vibaya, kilikuwa na matege kuliko changu. Nilikuwa nimepokea simu ya shangazi na kuongea Kiha. Kosa langu ndilo hilo. Lugha ambayo haijawahi kusikika redioni, nani huko Dar atajua kwamba ni ya Tanzania?

Hapa naomba nikurushe mbali, mpaka Hungaria, halafu tutarudi nyumbani. Kuna kitu nilikisoma kuhusu redio yao nikashindwa kulala.

Tarehe 23 Oktoba 1956 wanafunzi wa Budapest waliandamana dhidi ya serikali ya kikomunisti. Walikuwa na madai 16 na walitaka kitu kimoja kidogo: yasomwe redioni. Wakaenda mtaa wa Bródy Sándor, lilipokuwa jengo la redio. Hayakusomwa. Badala yake saa mbili usiku akasikika mkuu wa chama, Ernő Gerő, kwa hotuba iliyowatia watu hasira zaidi. Polisi wa usalama waliokuwa ndani ya jengo wakafyatua risasi, umati ukapata silaha, na kabla ya jua la pili jengo la redio likawa mikononi mwa waasi. Mapinduzi ya Hungaria yalianzia pale, kwenye mlango wa redio, kwa sababu ya tangazo lililokataliwa kusomwa.

Lakini kilichoninyima usingizi ni cha wiki moja baadaye. Tarehe 30 Oktoba redio ya taifa ilirudi hewani ikiwa huru na ikawaambia wasikilizaji kwamba ilikuwa imedanganya usiku, imedanganya mchana, imedanganya kwenye masafa yote. Yenyewe! Redio ya serikali ikijisema hadharani. Uhuru ule ulidumu siku chache tu. Alfajiri ya tarehe 4 Novemba waziri mkuu, Imre Nagy, alitangaza redioni kwamba majeshi ya Kisovieti yanaushambulia mji, na mwaka 1958 akanyongwa. Lakini tangazo lile lilikwishasemwa, na Wahungaria bado wanalinukuu.

Sijawahi kuisikia RTD, wala TBC, ikisema hivyo kwa bibi kuhusu migomba yake.

Mwaka 2007 tulipata shirika tena. Tido Mhando, aliyetoka kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, alikuwa ameletwa kuliongoza, na wengi tulioko kwenye kazi hii tunakumbuka, au tumesimuliwa, jinsi uchaguzi wa mwaka 2010 ulivyotangazwa kwa namna ambayo wapinzani nao walionekana. Mkataba wake ulipomalizika mwishoni mwa mwaka huo haukuongezwa. Januari 2016 waziri wa habari, Nape Nnauye, akaliambia Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, sababu ni gharama ya shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Sikatai kwamba ni fedha nyingi. Ila jiulize: shirika la umma likishindwa kumwonesha mwananchi mbunge wake akiuliza swali, hizo nyingine linazitumia kumwonesha nini? Kupata T mpya na bodi hakutoshi, kumbe. Mazoea ya idara yanadumu kuliko ubao wa mlangoni.

Mwezi Mei mwaka 2015 nilikuwa nyumbani. Bibi alikuwa bado hai, macho yamekwisha lakini masikio mazima. Kwa miaka kadhaa Burundi ilikuwa imepata kitu ambacho sisi hatukuwa nacho kwa kiwango kile: redio binafsi jasiri, Isanganiro, Bonesha, RPA, zinazomsema rais kwa Kirundi mchana kweupe. Zilizoweza kufika mlimani kwetu bibi alizijua kwa sauti za watangazaji, akiwaita "watoto".

Tarehe 13 Mei Rais Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam, kwenye kikao cha wakuu wa Afrika Mashariki, na Jenerali Niyombare akatangaza redioni kwamba amempindua. Alitumia redio binafsi. Redio ya taifa hakuipata. Usiku ule na kesho yake vita ilikuwa kulizunguka jengo la redio ya taifa, maana aliye na redio hiyo ndiye mwenye nchi. Budapest tena. Walioipindua nchi walishindwa, na redio za binafsi zikavamiwa na kuharibiwa moja baada ya nyingine. Ikabaki ya taifa. Watangazaji wengi wakakimbia, wengine wakaanza upya uhamishoni, wakirusha habari kwa WhatsApp. Watu wa kawaida nao wakaanza safari: Kagunga ufukweni, Nyarugusu, na Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta ikafunguliwa tena, kilomita chache tu kutoka nyumbani kwetu.

Bibi alinipa redio nimtafutie. Nilizungusha kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Muziki wa dini, kelele, TBC ikitoa hali ya hewa, kelele. Nikairudisha kwenye redio ya taifa ya Burundi, ikasema kwa Kirundi safi kwamba hali ni shwari nchini kote.

"Zima," akasema. "Tungoje watakaofika."